Mwadi Aliyesoma kwa Masikio

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na kila ninaposikia kwamba kijana fulani amepewa darasa lake la kwanza, natamani nimkalishe chini nimsimulie. Leo ni zamu yako. Umekuja kuniaga ukiwa umechana nywele vizuri, umevaa viatu ambavyo vumbi la Nchelenge litavimaliza kabla ya Krismasi. Kaa kidogo. Shule haitahama.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tulikuwa tumevuka ziwa la Mweru kutoka upande wa Kongo, mimi na mama yangu na wadogo zangu, tukikimbia vita, tukapata mahali pa kujenga si mbali na Kafutuma, katikati ya Wabemba waliotupokea vizuri kuliko tulivyotarajia. Kule nyumbani nilikuwa nimesoma kidogo kuwazidi wenzangu, basi wakimbizi wenzetu wakaniomba niwafundishe watoto wao. Tukajenga darasa la matofali mabichi na paa la nyasi. Tukapaka mbao masizi, zikawa ubao. Na kitabu cha kusoma tulikuwa nacho kimoja tu, cha Kiswahili, ambacho mama mmoja alikivusha ziwani amekifunga ndani ya kitenge pamoja na mtoto mgongoni. Kitabu kimoja kwa watoto arobaini.

Nikuambie ukweli bila kujipamba: nilijiona mtu mkubwa sana. Umepoteza nyumba, umepoteza shamba, hata jina lako linaandikwa vibaya kwenye karatasi za bilo, ile ofisi ya wakimbizi, kisha ghafla watoto arobaini wanasimama kila unapoingia. Kichwa kinaweza kuvimba. Changu kilivimba.

Katika darasa lile alikuwamo msichana wa miaka kama kumi aliyeitwa Mwadi. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake alikausha chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa letu vinavyoanikwa juani, akaviuza sokoni kwa vikombe. Mwadi alikuwa mtoto mpole, mwenye sauti nzuri, lakini alikuwa na mambo mawili yaliyoniudhi. Nikiandika ubaoni, hakunakili hata neno. Alikaa tu, amefinya macho na kuinamisha kichwa upande. Na kitabu kilipomfikia kwenye benchi, alikiinua mpaka pua yake ikagusa karatasi.

Siku ya kwanza nilipomwona hivyo watoto wenzake walicheka. Mimi niliyepaswa kuwanyamazisha nikacheka nao, kisha nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Toa pua kwenye kitabu! Unakisoma ao unakinusa? Hapa si masomo ya vipofu."

Maneno yale yalinitoka kinywani kama mate. Mchana nilikuwa nimeshayasahau.

Tangu siku ile Mwadi hakusogeza tena kitabu usoni. Alikishika mbali kama wenzake, akasimama wima, akasoma bila kukwama, kwa sauti ile yake iliyofanya hata watoto watundu watulie. Nikajisifu moyoni. Nikadhani ukali wangu ndio uliomponya. Nakuomba ukumbuke hapo, mwanangu, kwa sababu ni rahisi sana kwa mwalimu kuona mtoto amenyamaza akadhani amemsaidia.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja nikamfungulia kitabu mimi mwenyewe, ukurasa ambao hatukuwa tumeufikia, nikamwambia asome. Akashika kitabu, akavuta pumzi, akaanza habari ya jogoo na mke wa mwindaji. Ile ilikuwa habari ya juzi yake. Ukurasa uliokuwa mbele yake ulikuwa wa soko, na mchoro mkubwa wa mihogo juu yake. Alisoma habari ya jogoo hadi mwisho, hakuacha hata neno moja, akiitazama mihogo.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mimi nikaona ananidhihaki. Nikampokonya kitabu, nikampeleka akakae benchi la mwisho kabisa, ukutani, nikamwambia huko ndiko wanakokaa wavivu. Jioni nikaenda kwa mama yake. Nilisimama pale kwenye nyavu za samaki, sikukaa hata kwenye kiti alichonipa, nikamwambia:

"Mama Mwadi, mutoto wako hana kichwa cha masomo. Unapoteza wakati wake."

Mama yule alifuta mikono kwenye kitenge, akanitazama.

"Aksanti, mwalimu," akasema. "Wengine wangeniacha niendelee kudanganyika."

Naye akafanya alichoona ni busara. Alikuwa na dada yake huko Mununga, sokoni kwenye samaki, aliyekuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kazi. Wakakubaliana kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, gari la samaki likipita, Mwadi atapanda aende, na habari ya shule iishe.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo akaja Ba Chishimba, na hilo Ba kwa Wabemba ni neno la heshima. Alikuwa munganga wa kliniki, Mubemba mwenye mvi, karibu kustaafu. Alikuja na baiskeli, amefunga nyuma mkoba wa ngozi uliochakaa. Alizunguka shule zote za pale, hata za wakimbizi kama yetu, akipima macho ya watoto. Hakuna aliyemlazimisha kufika kwetu. Njia ilikuwa mchanga mtupu, na sehemu kubwa aliisukuma baiskeli badala ya kuipanda.

Alitundika kadi nyeupe ukutani. Juu yake kulikuwa na alama moja tu iliyorudiwa mara nyingi, mfano wa kitana chenye meno matatu. Mstari wa juu kitana kilikuwa kikubwa, mistari ya chini kikazidi kuwa kidogo. Vingine meno yalitazama juu, vingine chini, vingine kushoto, vingine kulia. Akapima hatua kwa kamba, akachora mstari sakafuni. Mtoto husimama pale, hufunika jicho moja kwa kiganja, munganga anagusa kitana kwa fimbo, mtoto anasema meno yanatazama wapi. Hata asiyejua herufi anaweza.

"Ba Tichala," akaniambia, maana ndivyo walivyowaita walimu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "tafazali, wengine wakae inje. Aingie mumoja mumoja."

Nilikuwa na haraka, na nje kulikuwa na manyunyu. Nikawapanga wote ukutani mle mle ndani. Ba Chishimba aliangalia, akatikisa kichwa, hakubishana.

Watoto wakaanza. Juu, chini, kulia, kulia, kushoto. Wengine walikosea mistari ya chini kabisa, akawaandika kwenye daftari lake. Mwadi, kwa sababu alitoka benchi la mwisho, alikuwa wa mwisho. Alitembea mpaka kwenye mstari, akafunika jicho, akajibu. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu, wa nne, hadi vile vitana vidogo kabisa ambavyo mimi mwenyewe nilivikodolea macho. Hakukosea hata kimoja. Akabadilisha jicho, akajibu tena vilevile.

Nikapiga makofi kwa dharau. "Umeona, Ba Chishimba? Macho yake ni mazima kuliko ya wote. Huyu ni uvivu tu."

Mzee aliweka fimbo chini. Alikuwa anamtazama Mwadi namna ya mtu aliyesikia kitu ambacho wengine hawakusikia. Akaenda ukutani taratibu, akaiondoa kadi, akaigeuza juu chini, akaitundika tena.

"Tena, mwanangu," akasema. "Kutoka pale juu."

Sasa vitana vidogo vilikuwa juu na kile kikubwa kilikuwa chini, na kila kilichotazama juu sasa kilitazama chini. Mtoto yeyote angeliona hilo. Mwadi alifunika jicho lake, akanyanyua kidevu, akaanza: juu, chini, kulia, kulia, kushoto. Vilevile kabisa. Kwa mpangilio uleule.

Watoto wakaanza kucheka. Ba Chishimba akanyanyua mkono mmoja, wakanyamaza mara moja, jambo ambalo mimi kwa kelele zangu zote sikuliweza.

"Ba Tichala," akaniuliza, "mustari wa tatu unasema nini?"

Nikageuka niangalie kadi.

"Hapana. Bila kuangalia. Umesikia watoto arobaini wakiusema. Niambie."

Nilijaribu kubahatisha: juu, kulia. Mzee akatikisa kichwa.

"Mimi nimetembea na karatasi hii miaka mingi," akasema, "na bila kuiangalia siwezi. Huyu mutoto ameisikia asubuhi moja tu, akaishika yote. Na weye unaniambia ni muvivu."

Akapiga goti mbele ya Mwadi, magoti yake ya uzee yakalia. Akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu nikasikia.

"Kadi unaiona, mama?"

Mwadi alifinya macho kuelekea ukutani. Kisha: "Naona kitu cheupe."

"Na mimi hapa, unaniona?"

"Hapo karibu, ndiyo."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mwadi aligeuza uso upande nilikokuwa, ingawa leo najua kwamba hakuuona uso wangu, aliona kivuli tu. "Mwalimu alisema hapa si masomo ya vipofu. Nikisema sioni, atanifukuza."

Mwanangu, nimepigwa na askari njiani, nimelala na njaa, nimemzika baba yangu mahali ambapo sijui kama nitapaona tena. Lakini aibu kama ile sijapata kuionja. Maneno niliyoyasahau mchana uleule, mtoto yule alikuwa ameishi nayo kila siku, akajenga kichwani mwake kitabu kizima ili tu asifukuzwe kwenye benchi langu.

Ba Chishimba aliinuka, akaniita nje kwenye manyunyu. Nilingoja anitukane. Angenitukana ingekuwa nafuu.

"Kijana wangu," akasema, "macho yake hayajafa. Ya mbali tu ndiyo yanamukataa. Kwa miwani ataona. Nitaandika karatasi aende hospitali ya wilaya, kuna watu wa macho wanakuja pale. Mimi kazi yangu njo hiyo. Kazi yako ni nyingine."

"Ipi?"

"Wewe njo ulifunga mulango. Nenda ufungue."

Akapanda baiskeli, akaenda zake shule nyingine. Nami nilijua mlango aliousema uko wapi. Ulikuwa kwa Mama Mwadi, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Nilikwenda siku ileile baada ya masomo, nikiwa na Mwadi pamoja na ile karatasi. Wanawake wengi walikuwa kwenye nyavu wakigeuza chisense kabla mvua haijarudi. Nilimweleza mama yake habari ya macho, ya kadi, ya miwani. Aliendelea kugeuza samaki.

"Mwalimu," akasema, "mwezi huu huu ulikuja hapa, ukaniambia mutoto wangu hana kichwa. Nilikuamini. Nimetuma neno kwa dada yangu. Sasa leo unasema nini tena? Kesho utasema nini?"

"Nilikosea, Mama Mwadi."

"Anakanyagaka samaki yangu kila siku. Namuchapa, kesho anakanyaga tena. Na miwani, watu wanasema inaharibu macho. Inamaliza yale kidogo yaliyobaki. Atapata nani mume na vioo usoni?"

Wanawake wengine waliitikia. Maelezo yangu yote yakaisha. Ndipo nikafikiria jambo ambalo nilipaswa kulifikiria tangu mwanzo, kwamba aliyekuwa na cha kusema pale hakuwa mimi.

"Mwadi," nikamwambia, "soma."

"Bila kitabu?"

"Bila kitabu. Tangu mwanzo."

Akasimama kati ya nyavu, mikono mgongoni kama ninavyowafundisha, akaanza ukurasa wa kwanza. Akasoma habari ya mfinyanzi, ya watoto wawili na mbuzi, ya jogoo na mke wa mwindaji. Sauti ilikuwa ileile ya darasani. Mwanamke mmoja akaacha kugeuza samaki, kisha mwingine, kisha wote. Mwadi akaendelea. Na kwa kuwa alikuwa ameyahifadhi yote kama alivyoyasikia, bila kuchagua, alipofika katikati ya habari ya mbuzi akatoa, kwa sauti yangu mimi, pamoja na ukali wangu:

"Toa pua kwenye kitabu. Unakisoma ao unakinusa? Hapa si masomo ya vipofu."

Kisha akarudi kwenye mbuzi, akaendelea bila kusita.

Wanawake wote walinigeukia. Hakukuwa na haja ya kuuliza maneno yale ni ya nani. Niliwatazama, nikasema, "Ni mimi. Nilimwambia hivyo, na nikacheka. Naomba radhi mbele yenu nyote, na mbele yake."

Mama Mwadi alikaa chini kwenye mchanga. Nilidhani ananikasirikia mimi, lakini alikuwa anautazama mguu wa mwanawe.

"Mimi namuchapa kwa sababu anakanyaga samaki," akasema polepole. "Na hajaiona. Hajaionaka."

Akamvuta Mwadi, akamkumbatia pale pale kwenye harufu ya chisense. Jumamosi gari la samaki lilipopita kwenda Mununga, lilipita bila Mwadi. Jumatatu yeye na mama yake walipanda gari jingine kwenda hospitali na karatasi ya Ba Chishimba mkononi.

Miwani haikuja siku ileile. Walimpima, wakaandika, wakawaambia warudi. Mama aliacha biashara, akarudi mara mbili, na mara ya pili wakatembea sehemu ya njia kwa sababu gari liliharibika. Yule mama, mwanangu, alikuwa hajui kusoma hata jina lake, na ndiye aliyefanya safari zile bila kunung'unika. Ninamheshimu hadi leo.

Siku Mwadi alipoingia darasani na miwani, ilikuwa kubwa kuliko uso wake, imefungwa nyuma kwa uzi wa nyavu isidondoke. Nilikuwa nimewaonya watoto kwamba atakayecheka tutaonana. Hakuna aliyecheka. Nilimpeleka benchi la mbele kabisa. Hakukaa. Alisimama mbele yangu akinitazama usoni, muda mrefu, mpaka nikaona haya.

"Kumbe mwalimu ni kijana," akasema. "Nilidhani wewe ni muzee. Muzee wa hasira."

Halafu akakaa, akageukia ubao. Niliandika herufi ya kwanza naye akainakili. Alikuwa hajui hata moja, mtoto aliyekuwa na kitabu kizima kichwani. Lakini kwa kuwa maneno yote alikuwa nayo tayari, ilikuwa kazi ya kuyapatia sura tu, na kabla mvua hazijaisha alikuwa anawasomea wadogo. Mara moja nilimkuta anamsahihisha mwenzake kwa upole niliokuwa sina mimi. Leo Mwadi anaishi Chienge, ni fundi wa kushona. Anapitisha uzi kwenye tundu la sindano huku anaongea na mteja. Watu hutoka mbali kumletea sare za watoto wao, na shati lake huwezi kuona mahali mshono ulipoanza.

Sasa yapo mengi ambayo sisi hatukuwa nayo. Wauguzi wanakuja mashuleni, wengine vijana kama wewe, wanapima kwa uvumilivu uleule wa Ba Chishimba, jua likiwaka na wino ukikauka kwenye biki. Nikiwaona natamani kuvua kofia. Lakini wao wanakuja siku moja, kisha wanakwenda. Wewe ndiye utakayekuwa na watoto kila siku, kwa hiyo nisikilize.

Mtoto akikosa kunakili ubaoni, kabla hujafikiria uvivu, fikiria macho. Mwangalie anavyofinya uso, anavyoinamisha kichwa, anavyonakili kutoka daftari la jirani badala ya ubaoni, anavyolalamika kichwa kinauma kila ikifika saa sita. Mlete mbele, na mlete kwa namna ambayo haitamfanya aonekane ameadhibiwa. Ukiona kitu cheupe kwenye mboni, au jicho moja linatazama upande mwingine, usingoje muhula uishe, mpeleke kliniki wiki hiyohiyo. Wazazi wakikuambia wametia maji ya majani kwenye jicho, usiwagombeze, waombe waache, uende nao kwa munganga. Wakiogopa miwani, waambie mzee mmoja wa Kafutuma amemwona Mwadi tangu akiwa mtoto mpaka amekuwa mama, na haikumharibia kitu. Mume alimpata pia. Na siku ya kupima, wengine wakae nje hata kama kuna manyunyu.

Zaidi ya yote, chunga kinywa chako. Mtoto anaweza kushindwa kuuona uso wako, lakini sauti yako anaipata yote, na ataibeba mahali ambapo hutakuwapo kuirekebisha. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usijifiche nyuma ya ualimu wako. Nenda mwenyewe ukaombe radhi, tena mbele ya wale waliosikia.

Haya, simama, muda wako umefika. Mungu aliyetuvusha sote ziwani akulinde njiani. Ayafungue macho yako kwanza kabla ya macho ya watoto wako. Akupe masikio ya subira na ulimi mpole, na kila mtoto atakayekaa mbele yako aondoke ameongezeka kitu, asiondoke amepungukiwa. Nenda salama, mwanangu, ukafundishe.